Salfa ya Mikorosho Ndani ya Kompyuta ya Kwaya

Saa tatu asubuhi, barazani kwa Mzee Kasiani kijijini Mnyambe, fundi Rukaiya Swalehe anafungua ubavu wa kompyuta, anachungulia, kisha anaangua kicheko. Ndani kote ni njano.

“Baba Huruma, umeipuliza na nini?”

Mzee Kasiani, katibu wa kwaya, anatazama pembeni. “Mashine ya salfa, Mama Anwari. Nilidhani tangi ni tupu.”

Alitaka kutoa vumbi tu. Lakini mashine hiyo ya mgongoni, inayofikisha salfa, dawa ya unga ya njano, kileleni mwa mkorosho, haina mchezo. Kompyuta imezimika, na nyimbo zote mpya za kwaya zimo humo tu, hakuna nakala. Uzinduzi wa nyimbo hizo ni Jumapili, na wageni wanatoka Lulindi.

“Nitawatazamaje wanakwaya?” analalamika mzee.

Rukaiya hana papara. Amekwishachomoa waya wa umeme na kubonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Anavaa barakoa, anagusa bati la kasha kuondoa umeme wa mwilini, kisha anafagia taratibu kwa brashi laini. Feni anaizuia kwa kijiti isizunguke, huku akipuliza kwa pampu ndogo ya mkono.

“Upepo mkali unaua feni,” anasema. “Na kitambaa chenye maji, usithubutu!”

Mama huyu wa miaka 36 analima korosho Makote. Ufundi aliupata Masasi alipokuwa karani. Anatoza shilingi elfu kumi kwa kompyuta, ingawa wapo wanaomlipa korosho. “Napokea, tunatafuna,” anasema.

Anaunganisha waya, anawasha. Kimya. Mzee Kasiani anashika kichwa.

Rukaiya anachomoa waya tena, anatoa kadi ya kumbukumbu, yaani RAM, anaifuta salfa iliyojibana kwenye meno yake, anairudisha. Safari hii feni inanguruma, na muda si mrefu sauti za kwaya zinajaa baraza. Mzee anacheza hadi kofia inadondoka.

“Nakala kwanza, ngoma baadaye!” Rukaiya anamkemea, akichomeka flashi.

Kabla ya msimu ujao wa salfa, anataka kupita Makote na Mnyambe kufundisha watu kufunika na kusafisha kompyuta zao wenyewe. Hatakosa wateja?

“Nikose tu,” anajibu, akishusha sauti mzee asisikie. “Kompyuta ilipokaa kimya pale, aliyeogopa zaidi ni mimi. Nilichomoa waya haraka ili asione hofu yangu; heri kila mtu asafishe yake mapema.”