Siku Nilipoupa Mtaa Jina la Faustin

Mkinisikia nikibishana sokoni mnaweza kudhani sina haya, lakini ninayo, na yote inatoka kwenye ubao mmoja tu, ambao kila nikiukumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Ilikuwa miaka ya vita, na kambi yetu pale karibu na Sake ilikuwa imejaa wakimbizi mpaka ikawa mji mzima wa maturubai juu ya mawe ya volkano, watu wanapotea humo, mgonjwa anabebwa huku na ndugu zake wanamtafuta kule, kwa hiyo wakubwa wa kambi wakaamua kila upande uwe na mpaka wake na jina lake. Mpaka wa upande wetu haukuleta shida, kutoka mfereji hadi bomba la maji. Jina ndilo lililotushinda. Waliotoka milima ya Masisi walitaka la kilima chao, waliotoka Buleusa walitaka Buleusa, na ikafika mahali watu wanachota maji bomba moja bila kusalimiana. Wakaniambia, Mama Kavira, amua wewe, maana mimi ni mfanyabiashara wa Butembo, nauza chumvi na sabuni kwa wote, sina kilima pale. (Nikavimba kichwa. Marehemu mume wangu alizoea kusema ukinipa kiti nitadai na meza.)

Nikawaza, kwetu mjini avenue, yaani barabara za mitaa, zinabeba majina ya watu, basi tutafute mtu anayependwa na pande zote, na nani kama Faustin? Huyo alikuwa mtoto wa pekee wa jirani yangu, Mama Faustin wa Buleusa, kijana aliyewajengea wazee vibanda bila kuuliza nani ametoka wapi, kisha akaenda kuchimba mawe ya madini Bisie, msituni kule Walikale, na tangu hapo kimya. Kila jioni mama yake alikuja kuniuliza kama malori yameleta salamu, kwa sababu sisi wafanyabiashara ndio tulioleta habari za huko, za ndoa na za msiba. Nilimpenda yule mama. Nilitaka afurahi, nikamficha jambo lenyewe mpaka siku ya siku.

Ubao aliutengeneza Papa Léon, seremala wetu, ambaye masikini wakati ule kazi yake kubwa ilikuwa misalaba. Akapaka rangi nyeupe, akaandika FAUSTIN kwa nyeusi, akaupigilia kwenye nguzo, na nguzo ikachomoza kidogo juu ya ubao. Mimi sikuona kitu, nilikuwa nahangaika na kitenge cha kuufunikia! Jumapili watu wakajaa, katekista akaomba, nikavuta kitenge kama waziri anayefungua daraja.

Mwanamke mmoja wa nyuma akauliza polepole, “Alikufa siku gani?”

Kabla sijafumbua mdomo kilio kilikuwa kimeshalipuka, wanawake wanafungua vitambaa vya kichwa, wanakaa chini, nami napiga kelele “Hapana! Hapana!” na wao wanadhani ni uchungu, wengine wananishika nisianguke, waimbaji wameshaanza wimbo wa mazishi, na upande wa pili wa mfereji naona watu wanakuja na kuni na unga wa matanga. Watu wa Masisi na wa Buleusa walikuwa wanalia wamekumbatiana. Ndivyo nilivyowapatanisha.

Mama Faustin hakulia. Alinijia akanishika mikono miwili.

“Kavira, weye njo unapataka habari ya Bisie. Ulitafuta namna ya kuniambia pole pole. Nimeelewa. Sema sasa, mutoto yangu alikufa?”

“Mama, sina habari yoyote. Ninaapa.”

“Basi iko muzima?”

Jamani! Sikuwa na neno la kumzika wala la kumfufua.

“Juu ya nini sasa uliandika jina yake kwa musalaba?” akauliza, akaketi chini kati ya wale waliokuwa wanalia.

Ubao niliung’oa mwenyewe, mbele ya watu wote, na kuni zikarudi zilikotoka. Siku kadhaa sikufungua duka, nilijilaza tu naona aibu hata ya kukohoa, kwa sababu kati ya kibanda chake na changu lilikuwepo turubai tu. Kisha asubuhi moja akaja mwenyewe.

“Ile ubao iko wapi? Mwambie Papa Léon akate ile kichwa ya juu. Na mbele ya Faustin aandike Mama. Miye niko muzima, watu wanaweza kuita hii fasi ya kwetu na jina yangu. Akikuya, atauliza kwa mama yake, na watamuonyesha.”

Hakuna aliyebisha, si wa Masisi wala wa Buleusa. Hata madereva wa malori wakalizoea: Kwa Mama Faustin.

Tangu siku ile nimeapa kutotoa jina tena, wajukuu zangu wamepewa majina na wengine, hata mbwa wetu anaitwa mbwa. Mama Faustin siku hizi miguu inamsumbua, hatoki tena. Kwa hiyo gari likisimama barabarani na sauti ya kijana ikauliza kwa Mama Faustin ni wapi, ninayeacha chumvi kwenye mizani na kukimbia kwenda kumtazama usoni ni mimi.

Mpaka leo hajawa yeye.