Nani Alichagua Uwanja Ule wa Mtoni

Nilimdaka mwenzangu kwa mkono wa kulia, na mkono wa kulia ndio uliokuwa umeungua. Sufuria kubwa la uji lilikuwa limepinduka likanimwagikia kuanzia kiwiko mpaka vidoleni, na maji ya mto yalishatufika kifuani. Yeye alikuwa amekumbatia mti wa hema la jiko. Mti ukang'oka. Nikamdaka. Hakupiga kelele. Aliniangalia akasema, "Nishike vizuri, dada." Nikakaza kwa nguvu zangu zote, lakini ngozi ya kiganja changu ilibanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, naye akateleza. Nilikiona kichwa chake mara mbili. Mara ya tatu nilikiona kilemba peke yake.

Jua lilikuwa linawaka. Pale kambini halikuwa limedondoka hata tone la mvua.

Naandika haya mwenyewe. Shule niliishia darasa la nne, na kazi yangu ya kuandika ni kuandika vyakula vya siku kwenye ubao: wali maharage, ugali dagaa, basi. Ila kitabu cha kamati ya kambi kimeandikwa kwa mwandiko mzuri sana na ndani kina uongo. Kwa hiyo na mie acha niandike.

Mie na marehemu tulikuwa mama lishe, tuna banda moja karibu na soko la Tandale. Wote tumetoka bara, kila mtu na mkoa wake, tukakutana kanisani kwenye kundi la akina mama wa jikoni. Yeye alikuwa mtu wa utani. Wabeba mizigo wa sokoni walikuwa wanakuja kula kwetu si kwa sababu ya wali wangu, wanakuja kutukanwa na yeye. "Wewe kula polepole, sahani hiyo siyo ya mama yako." Wanacheka, kesho wanarudi.

Kanisa letu lina desturi. Kila mwaka waumini tunafunga milango ya nyumba zetu, tunatoka na watoto, magodoro na masufuria, tunakwenda kukaa kwenye mahema nje ya mji wiki nzima. Ni mafundisho, kwaya na maombi, na siku ya mwisho waumini wapya wanabatizwa kwenye maji mengi. Ndiyo maana kambi yetu lazima iwe karibu na mto. Kuchagua uwanja ni kazi ya kamati. Sie wawili tulikuwa wajumbe kwa sababu ya jiko.

Siku ya kukagua tulikwenda watu watano, ng'ambo ya Mbagala huko, ukishaacha lami. Mwenyekiti wa kamati, ambaye kazi yake ni karani wa ofisi, mtu wa shati lililonyooshwa hata porini. Katibu, mwalimu wa shule, na kitabu chake kwapani. Mchungaji. Na sie. Tulionyeshwa sehemu mbili. Ya kwanza iko juu, kwenye mikorosho. Pakavu, pana upepo, ila gari halifiki na maji yako mbali. Ya pili iko chini kwenye kona ya mto. Majani mafupi ya kijani, uwanja umenyooka kama wa mpira, na pale mto unapokata kona maji yametulia kama yamewekwa kwenye beseni.

Mchungaji alipoyaona yale maji akavua miwani. "Hapa hata mzee wa miaka themanini unambatiza bila wasiwasi."

"Na gari la wageni linafika mpaka hapa nilipo," mwenyekiti akasema.

Mie nilikuwa naangalia mti.

Nilipofika mjini nikiwa msichana, nilipangaga chumba bondeni, kule kule Tandale. Watu wa bondeni wana namna yao ya kukagua chumba. Huulizi choo kwanza, huulizi umeme. Unaangalia ukuta, mstari wa tope uko wapi. Ukiwa magotini unaingia. Ukiwa shingoni unashukuru unaondoka. Sasa pale mtoni hakuna ukuta, kuna mkuyu. Kwenye matawi ya mkuyu yalining'inia matambara, mifuko, majani makavu na kandambili moja ya mtoto, vyote vimelala upande mmoja, vyote juu ya kichwa changu. Nikinyoosha mkono sivifikii.

Nikasema, "Mwenyekiti, angalia ule mti."

"Una nini?"

"Yale matambara. Ni maji ndiyo yameyapandisha pale."

"Upepo huo, dada."

"Upepo unavaa kandambili?"

Mwenzangu akaangua kicheko mpaka akajishika mbavu. Hata katibu alitabasamu. Mwenyekiti hakucheka. Akaniambia kwa upole, ule upole wa kukuonyesha kimo chako, "Dada yangu, wewe tuambie mchele unatosha au hautoshi. Huku ni mambo ya mipango."

Palikuwa na mwanamke mwenyeji pale, rika langu, khanga kifuani, anamwagilia mchicha kwa keni. Akatukaribisha, akauliza tunatafuta nini. Mwenyekiti akamwambia tunatafuta pa kupiga kambi, wiki moja.

"Kulala?" Akaweka keni chini. "Hapa? Sie hapa tunalima tu. Kulala tunalala kule." Akaonyesha mlimani kwa kidevu. "Mchicha ukibebwa, unapanda mwingine."

"Ahsante mama, tumekusikia," mwenyekiti akasema. Alipotugeukia sie akashusha sauti: "Wenyeji hawa hawapendi wageni karibu na bustani zao."

Basi ikaja kura. Kura za kwetu hazinaga mtu wa kupinga. Mwenyekiti anasema, wanaounga mkono uwanja wa chini wanyooshe mikono, na mikono inapanda kama ya watoto wa darasani. Wa mchungaji ukapanda, wa katibu ukapanda na kalamu. Wangu ulikuwa chini. Mwenzangu akanifinya ubavuni, akaninong'oneza, "Nyoosha mwenzangu twende, jua linatumaliza, na wewe unabishana na mti."

Nikanyoosha. Kama nitawataja waliokosea, basi na mie nimo. Niliona nilichokiona na mkono nikaunyoosha.

Halafu likaja jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwenyekiti alitembea mpaka ukingoni, hatua chache tu kutoka kwenye maji, akachora mstari ardhini kwa kisigino cha kiatu. Akasema, "Jiko liwe hapa. Karibu na maji, akina mama msihangaike na ndoo." Kisigino chake. Nilikiona, marehemu alikiona, mchungaji alikiona, na katibu alikuwa ameinama anaandika.

Kambi hiyo ya mwaka jana ilianza vizuri, sitaki kusema uongo. Jioni za kwanza kwaya iliimba mpaka wenyeji wakashuka kusikiliza. Mwenzangu alimpa kila mzee wa kanisa jina la utani kulingana na anavyokoroma hemani. Asubuhi ya siku ya nne tuliamka mapema, tukawasha kuni, tukaweka uji. Kule juu, upande wa vilima vya Kisarawe, kulikuwa na weusi wa mvua. Kwetu jua. Nikamwambia mwenzangu mto umebadilika rangi, umekuwa kama chai ya maziwa. Akasema, "Basi tusihangaike kupika, tuwachotee hiyo." Tukacheka. Nilikuwa bado nacheka niliposikia sauti kama lori linamwaga kokoto. Nikageuka kutafuta lori.

Mahema ya kulala yalikuwa nyuma yetu, ardhi inapoanza kupanda kidogo. Watu walikimbia, wakatoka wote, wengine na shuka tu mwilini. Sie tulikuwa kwenye mstari wa kisigino. Yaliyofuata nimeshayasema. Mie nilikwama kwenye mkuyu, ule ule wa matambara, na walionitoa ni wale wakulima wa mchicha kwa kamba. Yule mwanamke wa keni ndiye aliyenifunga khanga yake. Hakuniambia, "Si nilikwambieni?" Mwenzangu alipatikana siku ya pili, chini huko, kwenye matete.

Nikalazwa. Mkono ulifungwa bandeji mpaka kwapani, kwa hiyo mazishi sikuhudhuria. Siku nilipotoka, alikuja nyumbani binti wa marehemu, mtu mzima sasa, anafundisha watoto wadogo Mabibo. Akaniamkia, akakaa, akawa anakunja na kukunjua pindo la khanga yake. Nikamwambia sema mwanangu.

"Mama mdogo," akasema, "eti ni kweli nyie ndiyo mlisogeza jiko mtoni?"

"Nani kasema?"

"Imesomwa kanisani. Kwenye taarifa. Kwamba akina mama wa jikoni walijisogeza karibu na maji bila kuwasiliana na kamati." Akafuta macho kwa kiganja. "Watu wananipa pole halafu wanatikisa kichwa. Kwamba mama alikuwa mvivu wa ndoo."

Mvivu wa ndoo! Mwanamke aliyebeba maji kichwani tangu bomba la Tandale linatoka mara moja kwa wiki. Mkono uliniuma siku ile kuliko siku ulipoungua.

Nikaenda kwa katibu. Shuleni kwake, mchana, wanafunzi wakiwa mapumziko. Nikamwambia, mwalimu, naomba kitabu cha kamati. Akaleta maneno, kitabu hakitolewi, utaratibu. Nikakaa kwenye benchi. Nikamwambia sina haraka, banda langu halina mpishi. Mwisho akakitoa. Nikasoma kwa kidole, neno moja moja, yeye amesimama anaangalia saa. Nilisoma: *Uwanja wa chini ulikubaliwa kwa kauli moja.* Nikatafuta mti. Hakuna mti. Nikatafuta mwanamke wa mchicha. Hayupo. Nikatafuta jiko liwe wapi. Pameachwa mstari mtupu, na baada yake mambo ya vipaza sauti.

"Mwalimu, hapa ulikuwa umeinama unaandika. Nilikuona."

"Dada, siwezi kuandika kila kinachosemwa."

"Na taarifa iliyosomwa kanisani nani kaandika?"

Akasema aliletewa imeshaandikwa, yeye kaisoma tu. Kengele ya darasa ikagongwa. Sijawahi kuona mwalimu anashukuru kengele kama yule.

Ningeweza kuishia hapo. Watu wazuri kabisa walinishauri niishie hapo. Mchungaji alikuja kuniombea, akasema ni kazi ya Mungu. Nikamuuliza kisigino kilikuwa cha Mungu? Akasema nina uchungu. Ndiyo, ninao.

Lakini mwezi uliopita, kwenye matangazo ya kanisani, mwenyekiti amesimama, shati limenyooka, akasema kambi ya mwaka huu tunarudi palepale, pamezoeleka, na wageni walipapenda. Watu wakasema amina. Niliwaangalia watoto waliokaa mikekani mbele, nikahisi kiganja kinawaka.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe mtoni. Yule mwanamke alikuwepo, na mchicha mpya umestawi. Nikamwambia wanataka kurudi. Akashika kiuno.

"Hapa hapa? Jamani nyie watu! Mtoni kwetu mnataka kuozea?"

"Si mie," nikasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Tukaangalia mkuyu. Matambara yalikuwa yamepanda, tawi zima juu ya yale ya kwanza. Na katikati yake kuna kipande cha turubai la bluu, pindo lake limeshonwa kwa uzi mwekundu. Uzi ule niliushona mie, tukiwa bandani, marehemu amenishikia turubai na kunicheka kwamba nashona kama daktari wa ng'ombe. Yule mwanamke akaleta mti mrefu wenye kulabu, tukavuta mpaka kikashuka. Kilikuwa kigumu kwa tope. Nikakikunja.

Kamati ilikutana juma lililopita. Mie bado ni mjumbe, hawajathubutu kunitoa. Nilipopewa nafasi niliweka turubai mezani, juu ya kitabu chao, tope likamwagika kwenye kurasa. Nikasema, mwenyekiti, hili lilikuwa hema la jiko, nimelitoa juu ya mti ule. Na hili nalo lilirushwa na upepo?

Alilipangusa tope kitabuni kwa leso. Kisha akasema, "Dada, tusilete siasa kanisani. Tufunge kwa sala." Wakasimama, wakafumba macho. Mie sikufumba. Nilikuwa namwangalia viatu.

Turubai bado liko kwangu, na siku ya ibada nitakuja nalo kanisani. Binti wa marehemu nitakaa naye mbele. Kuhusu ile kura, ya kwangu nimeshayajibu: niliona, na mkono nikaunyoosha, na huyo binti nimemwomba radhi kwa mdomo wangu. Katibu, uandike mti, uandike mwanamke wa mchicha, ujaze ule mstari ulioacha mtupu. Mchungaji, useme ulichokiona ukiwa umevua miwani. Na wewe mwenyekiti, kabla hujampeleka mtoto wa mtu yeyote kulala kwenye ile kona ya mto, usimame pale pale taarifa iliposomwa, umtazame yule binti usoni, umwambie jiko la mama yake liliwekwa na nani.