Tangazo la Uzima wa Fundi Barasa

Juzi niliketi katika mkahawa mmoja wa Westlands nikingoja chai, na kijiko kikawa kinatetemeka juu ya kisahani kwa mdundo wa muziki. Ilikuwa rap ya siku hizi, ile ambayo besi inakufika kifuani kabla haijafika masikioni. Nilijitahidi kushika maneno, nikaambulia gari, chupa, halafu gari tena. Nikamuuliza kijana aliyeniletea chai huyu msanii anasema nini.

"Maneno? Zii, mathe, mi huskiza beat tu," akanijibu akicheka.

Kuitwa mathe, yaani mama, nilikumeza pamoja na chai. Lakini lile jibu lilinichoma, kwa sababu utotoni, kwetu mtaani Waithaka, mbele ya kaka yangu Wekesa, aliyesikiliza mdundo tu alitumwa maji.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria. Wekesa alikuwa na kanda chache za hip hop ya wakati ule, nyingine za Kiingereza, nyingine za Kiswahili chetu cha mtaani. Alizicheza kwenye redio ya baba, iliyonuka mafuta ya taa kwa kuwa ilikaa rafu moja na stovu. Sisi watoto wa ploti ile ya vyumba vya kupanga tulijipanga nyuma ya nyumba, na ubeti ukiisha alizima, akanyoosha kidole: "Wewe, amesema nini?" Ukibabaika, wenzako walipiga kelele, "Rudisha!" Kanda ilitolewa, ikarudishwa kwa kalamu ili betri zisiishe. Ukishindwa tena, ulibeba mtungi ukaenda zako bombani.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusikiliza. Nyimbo zile zilitaja watu: jirani aliyefutwa kazi, mama wa mboga, askari wa zamu ya usiku. Sisemi za leo zote ni takataka, kila zama na kitabu chake. Lakini mimi bado hutafuta mtu ndani yake, na nikimkosa huumia.

Jioni, redio hiyo hiyo ilikuwa mali ya wafu. Baba alikuwa fundi wa mawe aliyekuja Nairobi kutoka magharibi akiwa kijana, na hakukosa matangazo ya vifo hata siku moja. Simu hazikuwa za kila mtu wakati ule. Ndugu angeweza kufa kijijini ukajulia redioni. Aliketi na vumbi la saruji kwenye nyusi, sikio karibu na spika, na hata sufuria haikuruhusiwa kulia. Mume wa fulani, baba wa fulani, wa kijiji cha fulani. Mimi nilikuwa naogopa. Wekesa aliipenda ile mistari.

"Nali," akaniambia siku moja, "watu hutajwa poa hivi wakishadedi. Mimi nitamtangaza mzee akiwa hai."

Akatunga ubeti. Aliufanyia mazoezi kando ya karo la kufulia, nami ndiye niliyekuwa hadhira yake, hata nikaujua kwa moyo:

Tunatangaza kwa furaha uzima wa fundi Barasa,
Mume wa Nafula, baba wa Naliaka na Wekesa,
Majumba amejenga mjini, hajalala ndani ya moja,
Kesho alfajiri ataamka, mawe yanamngoja.

Alichaguliwa kushindana katika ukumbi mmoja katikati ya mji, Jumamosi jioni, na kituo kimoja cha redio kingerusha shindano moja kwa moja. Aliondoka amevaa shati la baba la kanisani, ameniachia kazi moja tu: mzee asikilize.

Baba alirudi, akanawa, na saa ya wafu ikafika. Nikamwambia Wekesa ataimba redioni, stesheni ile nyingine. Hakukasirika.

"Ngoja kwanza hawa waishe," akasema. "Kukhu yako, mama yangu, ni mgonjwa."

Jioni ile wafu walikuwa wengi. Walipokwisha nilizungusha kitufe haraka, nikapata tangazo la sabuni; shindano lilikuwa limekwisha.

Wekesa aliingia akihema, macho yakimwaka. "Mlisikia?"

Mama hakuweza kuona mtu akivunjika moyo mlangoni pake. "Tulisikia, baba," akamwambia mwanawe. "Sote."

Wekesa akamgeukia mzee, akangoja. Baba alikuwa anavua viatu.

"Vizuri," akasema. "Kula ulale."

Uso wa kaka yangu ulisinyaa, nami nikadhani ni uchovu. Hakutunga tena. Mwaka uliofuata alimfuata baba kwenye mjengo, wakafanya kazi pamoja miaka mingi, wakila githeri kwenye sahani moja. Ubeti ule haukutajwa kamwe. Mmoja aliamini umesikiwa ukapuuzwa, na mwenzake hakujua hata kwamba ulimtaja.

Mwaka jana Wekesa alifariki, mapafu yamechoka na vumbi. Habari ilishafika kijijini kwa simu, lakini baba, ambaye sasa anaishi Mutuini, alishikilia kwamba lazima itangazwe redioni. Tukaketi kama zamani, mama tu hayupo. "Mwana wa fundi Barasa na marehemu Nafula, kaka wa Naliaka..." Hapo nilishindwa kujizuia. Nilimweleza baba habari ya jioni ile yote, pamoja na neno la mama, kisha nikausema ubeti wote.

Alizima redio, wafu wengine wakiwa bado hawajasomwa.

"Rudisha," akasema.

Nilipokuwa mtoto nilidhani mama aliiokoa jioni ile, na nilijivuna kwa kuitunza siri yake. Sasa najua kaka yangu angeweza kuubeba ukweli, kwamba baba hakusikia, kisha angesimama pale pale jikoni aanze upya. Inaniuma kwamba nimelijua hili wakati hayupo wa kuanza upya.

Niliurudisha ubeti mpaka chai iliyokuwa mbele yetu ikapoa. Na kila nilipofika kwenye jina la fundi Barasa, baba aliitika, "Niko."