Ujumbe wa Nkambo kwa Mkwe Wake

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilikuwa mdomo wa watu wawili wasioruhusiwa kusemezana. Nkambo, bibi yangu mzaa mama, alikuwa Mluba wa Ziwa Upemba, lile ambalo hifadhi ya wanyama imechukua jina lake, na kwa desturi ya kwao mama mkwe haongei na mkwe wake wa kiume uso kwa uso. Hata uani hapishani naye. Anageuka, anajifunika kitenge, anangoja apite. Kwa hiyo kila vakansi kubwa za shule, tukitoka Kamina kwa treni, tukashuka Bukama na kuufuata mto Lualaba kwa mtumbwi mpaka kijijini, kazi yangu ilikuwa moja tu, kubeba maneno. "Muambie papa yako chakula iko tayari." Nakimbia. "Muambie nkambo yako aksanti." Narudi mbio.

Papa, baba yangu, alikuwa mtu wa reli, au shemindefere kama tulivyoiita. Alizaliwa Kasai, akakulia Kamina katika kambi ya wafanyakazi, na maisha yake yote alikaza bolti za reli. Kwake kitu kikifungwa kimefungwa. Hakuliogopa ziwa kwa sababu hakulijua.

Na lenyewe si ziwa la kumtisha mgeni. Maji yake hayana kina kirefu. Kuna mafunjo yanayompita mtu urefu, kuna yungiyungi, kuna ndege mwari wanaokaa kimya kama wazee wa parokia, na viboko unawasikia wakikoroma kabla hujawaona. Ila lina visiwa vinavyotembea. Hiyo si hadithi, nimeviona kwa macho yangu. Ni mizizi na majani yaliyofumana mpaka yakawa mkeka unaoelea. Upepo wa kiangazi ukivuma, mkeka unang'oka na kwenda zake. Juu ya vingine wavuvi wanajenga vibanda, wanapika, wanazaa. Vingine havina mtu. Hivyo visivyo na mtu, Nkambo alisema, ni vya bavidye, roho wanaoyamiliki maji, na anayefunga mtumbwi pale anafungwa yeye.

Vakansi za mwaka ule nilikuwa nimeshampelekea Papa maneno ya namna hiyo mara mbili. Asipige mluzi akiwa majini. Asimtaje kiboko kwa jina. Mara zote mbili alicheka mpaka akajishika mbavu. "Weye uko mutoto wa shemindefere," aliniambia, "na unaanza kuamini mambo ya mizimu?" Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Alicheka kwa mapenzi huku akinifinya shavu, nami nilikuwa tayari kufanya lolote ili aendelee kunihesabu mtu wa upande wake.

Siku aliyoondoka alikuwa anavuka peke yake kwenda kununua samaki wakavu wa kuuza Kamina. Nkambo aliniita nyuma ya jiko. Alikuwa akiparua samaki na hakuinua macho.

"Umuambie papa yako, upepo ya muchana ikimukuta mu njia, asifunge mutumbwi ku kisiwa yenye haina moto. Hata akichoka namna gani. Atafute yenye iko na moshi. Umesikia?"

"Nimesikia, Nkambo."

"Sema tena."

Nikasema tena, neno kwa neno. Kutoka jikoni mpaka majini hapakuwa mbali, na njia nzima nilikuwa nayo maneno yale yote. Papa alikuwa ameshakaa, kasia mkononi.

"Nkambo anasema nini?" Alikuwa anatabasamu tayari, anangoja kucheka.

"Anasema uende muzuri, Papa."

Alishangaa kidogo. "Muambie aksanti," akasema, akajisukuma.

Nikarudi jikoni. "Anasema aksanti." Nkambo akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mjumbe hauawi, watu husema. Hawakusema afanywe nini mjumbe aliyeula ujumbe njiani.

Upepo ulikuja mchana, kama kawaida ya kiangazi. Papa hakurudi siku ile wala ya pili. Siku ya tatu wavuvi waliukuta mtumbwi wake umefungwa kwenye kisiwa kisicho na moto, na upepo ulikuwa umekipeleka kisiwa hicho mbali, kwenye mlango wa mto wanakolala viboko. Kamba ilikuwa imekazwa vizuri mno. Ilibidi waikate kwa panga. Yeye mwenyewe walimpata chini ya mafunjo. Alikuwa ameshuka ili apumzike.

Kwenye matanga Nkambo alinijia mbele ya wanawake wote.

"Ulimuambia?"

"Nilimuambia."

"Na yeye alijibu nini?"

"Alijibu aksanti."

Mwanamke mmoja akasema sikio la kufa halisikii dawa, na methali ile ikamshika baba yangu, mpaka leo kule ziwani wanamtaja kwayo. Mama aliacha kulia siku ileile. Alimkasirikia Papa.

Nilipokuwa mtu mzima mvuvi mmoja alinieleza jambo ambalo kila mtoto wa ziwani anajua. Kisiwa chenye watu kila mwaka wanakiongezea mafunjo mapya, na majivu, na magamba ya samaki, mpaka kinabeba nyumba. Kisicho na moto hakina wa kukiongezea. Ni chembamba, mguu unapita na mtu anazama. Nkambo alikuwa anasema kitu cha kweli kabisa, kwa maneno aliyopewa na bibi zake. Kama bavidye ndio waliomchukua Papa, ningekuwa na wa kulaumu. Sasa sina, ila mimi.

Nkambo alikufa akiamini mkwe wake alimdharau. Mama yuko Kamina, amezeeka. Kila Novemba watu wanapopeleka majina ya marehemu wao parokiani, yeye la mumewe halipeleki. Mwaka jana nilikaa karibu naye, nikamwambia, "Mama, kuna neno nataka kukuambia juu ya Papa."

"Achana nayo," akasema. "Aliambiwa. Akasema aksanti, akaenda kufa, akaniachia batoto. Miye nilishamaliza naye."

Nilifungua mdomo. Nikamuuliza kama anataka chai.

Papa hakuwa mbishi. Hakuambiwa. Alinipenda, nami niliona aibu kuonekana mjinga mbele yake, basi. Hakuna kingine. Mara nyingi nimejaribu kulisema na limenishinda, na hata haya nimeyaandika kwa sababu najua Mama hajui kusoma.