Maganda ya Juu

Mke wa mwalimu, jirani yake Awoi pale Lodwar, alikuwa na mikono isiyojua pupa. Kila alipooka pai, unga aliukanda na samli kwa ncha za vidole, taratibu kama anayemnawisha mtoto mchanga uso. Aliukata viduara kwa mdomo wa kikombe cha bati, akavipanga juu ya matunda, akafunika sufuria na kuweka makaa juu ya kifuniko. Kisha aliimba tenzi kwa sauti ya chini, akisikilizia harufu. Jumapili moja ya mwaka wa njaa, matunda yalikuwa edome, yale madogo matamu ya porini, ambayo Awoi aliyachuma kando ya mto Turkwel. Awoi hakuwa na kingine cha kuwaletea akina mama wa kanisa walioalikwa hapo, na aliona haya.

Kifuniko kilipofunuliwa tu, upepo ukamwaga mchanga juu ya pai. Awoi akainamisha kichwa.

“Mama Mwalimu, tupia mbuzi tu.”

“Mbuzi hawakualikwa.”

Akachukua kisu, akamenya ganda la juu la kila kiduara, maganda akayatia kwenye sahani yake mwenyewe. Wageni akawapakulia matunda na unga laini wa chini. Wakala, wakaomba tena. Yeye alitafuna kwa utulivu, lakini Awoi, aliyekaa ubavuni pake, alisikia meno yakisaga mchanga.

“Hiyo yako iko na kelele,” akanong'ona.

“Mimi hupenda ya juu.”

Awoi akanyoosha mkono, akachukua ganda moja kwenye sahani ile. “Leta na mimi. Mchanga ni ya kwetu.”

Wakatafuna pamoja, kila mmoja akitazama kando asije akacheka.