Nilivyosindikizwa Kutoka Banda la Mananasi la Chanika

Mie si mtu wa safari. Kwetu Mwananyamala kuna soko, kinyozi na kochi langu; sijawahi kuona sababu ya kwenda mbele zaidi. Hata kazini Mbezi Beach, ninakotunza stoo ya kampuni inayouza mananasi makavu nje ya nchi, naendaga kwa shingo upande tu. Basi mnunuzi wetu wa ng'ambo akaleta sharti: kabla hajanunua tena, kampuni ihakikishe hakuna mtu anayefanyishwa kazi kwa lazima, kuanzia ofisini mpaka kwa wanaotumenyea mananasi. Ghafla ofisi nzima ikawa na homa, misiba na harusi. Meneja akanitazama mie. Mke wangu aliposikia natumwa Chanika akauliza kama nitahitaji pasipoti.

Siku moja kabla ya kuondoka nilifanya kosa ambalo yeyote aliyelelewa vizuri angelifanya. Meneja alisema niende kimyakimya. Mie nikaona kumvamia mtu kwake bila taarifa ni ushamba. Nikampigia simu Bwana Mashaka, mwenye banda linalotumenyea mananasi huko, nikamwambia kesho naja kuangalia kama ana watumwa. Akasema karibu sana, unakula kuku?

Asubuhi nikapanda treni ya Pugu. Nilibeba mwavuli, maji, dawa ya kuhara na sweta, maana mke wangu alisema Chanika kuna baridi, naye hajawahi kufika. Dirishani mji ulikuwa ukipungua: ghorofa, kisha mabati, kisha mihogo. Abiria wa pembeni aliniuliza kama nahama.

Kutoka Pugu nilichukua bodaboda. Tulipita nyumba mpya zisizo na paa na vibao vya viwanja vinavyouzwa, ila mengi sikuyaona kwa kuwa nilifumba macho. Dereva aliniomba kwa heshima, mzee wangu, nimwachie kidogo kiuno apate kupumua.

Chanika. Geti la Bwana Mashaka lilikuwa refu kuliko nyumba yenyewe. Mlinzi alifungua kufuli, nikaingia, akalifunga tena nyuma yangu. Nikamuuliza Bwana Mashaka, aliyekuja kunipokea, kama wezi ni wengi huku. Akasema huku hakuna mwizi, braza, huku watu ni wema tu.

Bandani walikuwa wamekaa kina mama na mabinti, wote kwenye khanga za sare ambazo mikunjo ya dukani haijatoka bado. Nikawasomea maswali niliyopewa. Kuna anayelazimishwa hapa? Hakunaaa, wakaitikia kama darasa la kwanza. Bwana Mashaka alikuwa amesimama nyuma yangu, na nadhani aliwasaidia kuitikia kwa macho. Kwa upande wangu kazi ilikuwa imekwisha. Kuku alikuwa akinukia.

Mwenyeji alipotoka kupokea simu, binti mmoja akaniletea maji ya kunawa. Anaitwa Yunis, mtu wa Kiomboi, Singida. Akanipa shikamoo, nikaitikia, nikauliza lile ambalo sote tunauliza bila kusikiliza: habari za nyumbani? Salamu hiyo ina jibu moja. Mtu nyumba yake imeungua atakwambia nzuri, ila imeungua.

"Sijui," akasema.

Nikamuuliza hujui vipi.

"Simu yangu bosi kaichukua siku niliyofika. Kitambulisho pia. Mama nilimwacha anaumwa. Nikiomba kwenda naambiwa ngoja msimu uishe. Misimu imeisha, baba. Sijui kama yupo."

Aliendelea kunimiminia maji. Mikono yangu ilishatakata zamani.

Sasa, mie si shujaa. Niliwaza kula, kuondoka, kisha kumwachia meneja balaa lake. Lakini mpaka ofisi iamke, Bwana Mashaka angekuwa ameshajua nani kaongea. Nikala nikiwaza, na sisemi kwamba nilikula kidogo.

Baada ya chakula nikakaza uso, nikaomba kuona vitambulisho vya wafanyakazi ili nilinganishe sura. Bwana Mashaka akavileta kwenye mfuko wa nailoni. Nikavigawa, kila mmoja akashika chake. Alipotaka kuanza kuvikusanya, nikasimama kuaga, navyo vikabaki mikononi mwao.

"Bwana Mashaka, nimekirimiwa. Limebaki moja, mnisindikize."

"Mlinzi atakufikisha, braza."

"Mlinzi hakunipikia. Kwetu mgeni anasindikizwa na waliompikia. Au nyie huku wageni mnawatupa tu getini?"

Kumwambia mtu wa Pwani, mbele za watu, kwamba hajui kusindikiza mgeni, ni afadhali umtukane. Akacheka kwa meno tu. Geti likafunguliwa, banda zima likanisindikiza, naye katikati yetu akisalimia majirani kama mtu anayeumwa jino.

Barabarani basi likaja. Yunis akapanda mbele yangu. Bwana Mashaka akauliza huyu anakwenda wapi.

"Nyumbani," Yunis akasema, "na kitambulisho changu ninacho."

Majirani walikuwa wanatazama. Hakumgusa.

Jioni, kwenye stendi ya mabasi ya mikoani kule Mbezi, nilimpa simu yangu ampigie jirani yao. Alisikiliza muda mrefu. "Mama yupo," akaniambia. "Anauliza kwa nini nilinyamaza." Akalia, mie nikajifanya nasoma mabango ya mabasi.

Niliporudi ofisini, meneja alitaka tumwache Bwana Mashaka siku hiyohiyo ili tuonekane wasafi. Nikamwambia tukiondoka, waliobaki watafungiwa vilevile, watamenya mananasi ya mwingine. Tukaenda wote, bila kupiga simu, na sharti letu: geti wazi, simu na vitambulisho vikae kwa wenyewe, anayetaka kwenda aende, la sivyo hatununui. Bwana Mashaka alikubali huku akinilaani kwa macho.

Nilichojifunza ni hiki: ukimuuliza mtu mbele ya bwana wake kama ni mtumwa, atakujibu vizuri sana. Muulize habari za kwao, kisha unyamaze.

Juzi Bwana Mashaka kanipigia kulalamika. Anasema siku hizi akija mgeni yeyote, hata muuza sumu ya panya, banda zima linanyanyuka kumsindikiza. Nikamuuliza kama wanarudi.

"Wengine," akasema.