Msichana wa Majabalini

Kazi yangu ilinitia aibu hata kabla haijanipa sababu ya maana. Mchana nilikuwa mwandika mabango, na hilo halikuwa na neno. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye chumba cha mbele pale Mkolani alitaka kukigeuza duka, saluni au banda la video, na kila duka lilitaka jina lake kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi. Kazi hiyo unaweza kuitaja hata mbele ya padri. Ni ile nyingine iliyonifanya nizunguke maneno nikiulizwa. Nilikuwa nachora hadithi za picha, vijitabu vya fotokopi vilivyobanwa pini katikati, kuhusu viumbe wadogo wenye mabawa ya kereng'ende, wanaoishi ndani ya majabali ya ziwani na ambao hawafi kamwe. Mwanaume mzima, ndevu zimeota, nimeinama nachora mabawa!

Wazo lenyewe nililitoa kwenye mitumba. Siku hizo robota likifunguliwa ungeweza kukuta lolote katikati ya makoti, na mimi nilikuta kitabu cha picha, kurasa za mwisho zimeng'oka, maneno yake kwa lugha ambayo hakuna mtu sokoni aliyeitambua. Ndani yake watu wenye mabawa walikuwa wakicheza ngoma chini ya kilima. Nikawahamishia kwetu. Nikawavisha kanga, nikawapa sato wa kuchoma, nikawaweka kwenye majabali yanayotoka majini upande wa Pasiansi, nikawaita watu wa majabali. Nikawawekea sheria moja: binadamu akiingia kwao akala chakula chao, hafi tena, ila harudi.

Dada yangu, ambaye nilikuwa naishi kwake, alikuwa mwanakwaya na hakutaka vijitabu vile vilale sebuleni. "Unachora mapepo halafu unakula ugali wangu," alikuwa akisema. Nilicheka, lakini wageni wakija nilivisukuma mwenyewe chini ya kitanda.

Vilinunuliwa, hata hivyo. Nilivitandika mezani kando ya barabara ya Shinyanga, pembeni ya makopo ya rangi, na wanafunzi wakitoka shule walijaa pale. Mmoja wao hakununua hata siku moja. Alikuwa msichana wa miaka kama kumi, mwembamba, macho yake yana unjano, na hata jua likiwa kali alivaa sweta la shule la kijani. Alisimama akasoma toleo zima mwanzo mpaka mwisho, kisha akalirudisha mahali pake na kulinyoosha.

"Fundi, hawa wanafanya nini siku nzima?" aliniuliza.

"Wanacheza. Wanakula. Wanaruka."

"Na kesho?"

"Hivyo hivyo."

"Mimi ningechoka," akasema, akaenda zake. Nilikereka, nikarudi kwenye bango langu.

Baadaye ndipo nikajua kuwa alikuwa na ugonjwa wa damu, ule ambao siku hizi wengi wanauita selimundu. Ulikuwa ukimshika mifupani akalia mpaka sauti inakauka. Mama yake aliuza dagaa sokoni Buhongwa, mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye ujauzito uliokuwa umeanza kuonekana. Nilimjua kwa sura tu, mpaka asubuhi moja alipokuja mezani kwangu akiwa na kuku mweupe chini ya kwapa.

"Shikamoo mayu," nikamwamkia Kisukuma nusu na Kiswahili nusu, mayu ikiwa ni mama, kama tulivyozoea.

"Marahaba, fundi. Mwanangu amelazwa. Nimekuja umchore."

Nikafikiri anataka picha ya kumfurahisha mgonjwa. Nikachukua penseli, nikauliza anapenda maua au wanyama. Akanikata. "Umchore kule. Kwa wale wasiokufa. Umwandike na jina lake ili wajue ni yeye."

Nikacheka. Halafu nikaona uso wake, nikaacha kucheka.

"Mayu, hizi ni hadithi. Natunga mwenyewe."

"Sikuja kubishana. Mfumu naye hasemi anapojulia mambo yake." Mfumu ni mganga wetu wa jadi. Mimi, ambaye nilikuwa sijui hata kutibu mafua, nilikuwa nimepandishwa cheo nikiwa nimeshika penseli. Akamfunga kuku kwenye mguu wa meza yangu, akaondoka.

Sasa wewe ungefanya nini? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi, na kila jibu linanipandisha joto masikioni. Nikimkatalia, namnyang'anya mama tumaini. Nikikubali, mimi ni tapeli. Nikamchora. Nilimchora akipita kwenye mwanya kati ya majabali mawili, sweta lake na ndala zake, na watu wa majabali wanampokea kwa sahani ya samaki. Katika kisanduku cha mwisho alikuwa amekaa juu ya jabali, miguu inaning'inia, anatafuna. Jina lake niliandika kwa herufi za bango, wazi kabisa, na toleo likatoka kama mengine.

Na yule msichana akatoka hospitalini. Aliongezewa damu, wauguzi walihangaika naye, akapata nafuu kama alivyowahi kupata huko nyuma. Lakini mtaani habari ilikuwa nyingine. Watu wakaanza kuja mezani na picha ndogo za pasipoti za wagonjwa wao. Baba mwenye kifua, shangazi aliyepooza, kijana aliyekonda akawa mifupa mitupu na ugonjwa wa miaka ile ambao hatukuutaja. Walinipa shikamoo watu waliostahili kuamkiwa na mimi. Niliwarudisha wote, mmoja mmoja, kwa upole wa kijinga, nao waliona nawaficha tu uwezo wangu. Nikawa napita uchochoroni kwenda kununua mkate. Dada yangu alimpika yule kuku, kisha akakataa kumla.

Aliyenichukulia kawaida alikuwa msichana mwenyewe. Alikuja, akasoma lile toleo lake amesimama vilevile, akalirudisha.

"Miguu umeninenepesha," akasema.

"Nitarekebisha."

"Na huku mbona hakuna mama wa mtu yeyote?"

Nikatazama. Ni kweli, katika matoleo yote sikuwa nimechora mama hata mmoja. Nikamwambia nitamchora wake. Akafikiri kidogo, akasema hapana, mama yake ana mimba, asile samaki wa watu asiowajua.

Alifariki masika yalipoanza. Malaria ilimkuta damu ikiwa tayari imepungua, na safari hii hakukuwa na nafuu. Nilikwenda kuzika. Nilikaa nyuma kabisa na wanaume, nikasikia mtu akimnong'oneza mwenzake, "Ndiye huyu." Hakuna aliyenilaumu, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Walinitazama kwa huruma, kama fundi ambaye dawa yake imeisha nguvu. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikaona aibu tena kwa kutamani hivyo pale, wakati ardhi ilikuwa inafunguliwa kwa ajili ya mtoto wa mwenzangu.

Niliacha kuchora. Nikabaki na mabango yangu, na mtu akiulizia watu wa majabali nilijitia sisikii.

Mvua zilipokatika, yule mama akaja tena. Nilimwona tangu ng'ambo ya barabara, na kama si ngazi niliyokuwa juu yake ningekimbia. Mgongoni alikuwa na kichanga. Nikashuka, nikamwamkia, nikampa kigoda. Akakaa.

"Fundi, mwanangu bado yuko kule."

"Wapi, mayu?"

"Kwenye kitabu chako. Watoto wa mtaani wanavyo, wananionyesha. Amekaa juu ya jiwe, anakula." Akamvuta kichanga mbele, akamlaza mapajani. "Huyu ni wa kike. Hana jina mpaka leo, tunamwita mgeni. Jina lile ni la marehemu mama yangu. Kwetu haliachwi bila mtu, likiachwa mama yangu naye amepotea. Nataka nimpe huyu. Lakini nikimwita huyu, yule kule ataitika. Wawili hawawezi kuitika jina moja, mmoja yuko kwangu na mwingine hana wa kumlea."

Nikamwambia nitavitafuta vijitabu vyote nivichome. Hapo ndipo nilipomwona amekasirika kwa mara ya kwanza.

"Umchome mwanangu? Mimi nataka umzike. Umzike kama watu wanavyozikwa."

Nikaandaa karatasi. Mkono ulikuwa mzito, na si kwa huzuni peke yake. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kuchora maiti wala kaburi. Watu waliona ni ubunifu kwamba viumbe wangu hawafi, kumbe nilikuwa mwoga, na hadithi nzima ilikuwa njia ndefu ya kukwepa kuchora shimo. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini hakuwa amekuja kusikiliza habari zangu.

Akanielekeza. Nilipomchora mtoto amelala chali, akanizuia. "Ubavu wa kushoto. Wanawake wa kwetu tunalazwa ubavu wa kushoto." Nilipomweka baba yake karibu na miguu, akasema alikuwa kichwani. Yeye mwenyewe nilimchora amesimama, nikidhani ndiyo heshima. "Mimi sikuweza kusimama," akasema. "Nichore chini." Nikafuta, nikamchora chini, kanga imemwanguka begani kama nilivyomwona siku ile nikiwa nyuma na wanaume.

Nilifikiri hatawataka watu wa majabali katika ukurasa huo. Nikamuuliza niwaache wapi.

"Wanakujaje kwenye msiba mikono mitupu?" akasema. "Walimpa chakula, walimkalisha. Wabebe udongo kama majirani wengine."

Basi nikawachora wakibeba udongo, mabawa yamekunjwa, nyuso hazijui zifanyeje kwa kuwa hawajawahi kuzika. Yule mama akautazama ukurasa, akagusa ukingo wake mahali ambapo wino ulikuwa umekauka.

"Utatoka kama vile vingine?"

"Utatoka kesho, mayu. Na ni wa mwisho."

"Na usiuuze. Wape tu, wote waone."

Kisha akamwinua mgeni wake, akamwinamia sikioni, akamwita jina. Alimwita taratibu, kwa sauti ya mtu anayejaribu kama mlango umefunguka. Kichanga akapiga chafya. Mama akacheka huku machozi yakimtoka, akaninyooshea mtoto mezani, kupita juu ya makopo ya rangi.

"Na wewe mwite."

Sikuweza kumtazama mtoto. Jina lile nilikuwa nimeliandika kwa herufi nene za bango, nikalitoa fotokopi, nikaliuza kando ya barabara, na sasa nilikuwa naambiwa nilitamke mbele ya mwenye nalo. Nikainamisha kichwa, nikalitamka nikiwa nautazama ule ukurasa.

"Huyo tumeshamzika," mama akasema, akanisogezea mtoto. "Nimesema mwite huyu."

Nikainua uso, nikamwita.